Shosh aliacha dawa kwa sababu ya video yangu

Wasee, mmekuwa mkiuliza ile video ya shosh na poda ilienda wapi. Niliifuta. Hakuna mtu aliiripoti, na akaunti haijaingiliwa. Niliitoa mwenyewe Jumatano usiku, nimekaa kwa benchi ya hospitali, simu ikiwa na chaji asilimia 6. Ilikuwa imetazamwa mara 212,000. Hakuna kitu kingine nimewahi kutengeneza kimefika hata nusu ya hapo.

Kwa wale hawakuiona, stori ni hii.

Mwezi wa pili kuna watu walinitumia ujumbe. Wanauza poda ya amino asidi, na wanaiuza kwa wazee wenye ugonjwa wa sukari. Walitaka video ya sekunde 45. Malipo ni shilingi 15,000, nusu kabla, nusu baada. Buda, kodi ya nyumba yangu ni 7,500 na nilikuwa nadaiwa miezi miwili. Sikuhitaji kalkuleta.

Walinitumia na maneno ya kusema. Mstari wenyewe ulikuwa huu: "Husaidia mwili wa mzee kudhibiti sukari kwa njia ya asili." Nilipousoma mara ya kwanza nilisita kidogo, kwa sababu hiyo ni mada naijua. Mnaonifuata kitambo mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipomshinda mathe. Kile sijawahi kuwaambia ni kwamba nilikuwa nasoma baiokemia. Mwaka wa kwanza nilikariri amino asidi zote 20, nikizitaja kwa sauti kwenye foleni ya chakula mpaka watu wakanipa jina la Leusini.

Kwa hivyo nilijua ile sentensi ina ukweli ndani yake. Ingekuwa uongo mtupu ningeikataa, naapa. Lakini ilikuwa robo ya ukweli, na robo ya ukweli ni rahisi sana kuitamka mbele ya kamera ukiwa na deni la nyumba.

Halafu nikafanya kitu ambacho hawakuniomba. Nikamweka shosh kwa video.

Shosh anaishi Kariobangi South, na ameishi hapo tangu mathe akiwa mtoto. Ana miaka 74. Ameuza mboga maisha yake yote, na magoti ndiyo yalimtoa sokoni. Sukari anayo kwa miaka 11 sasa, na dawa yake ni metformini, asubuhi na jioni baada ya chakula. Nilimkorogea poda kwa kikombe chake cha chai, nikaelekeza simu. Akaonja, akatabasamu na ule mwanya wake, akasema neno moja: "Tamu." Hilo neno ndilo lilibeba video yote. Mlimwita shosh wa taifa. Mlitaka linki. Niliweka linki.

Nikamwachia mkebe mzima mezani kama zawadi, nikaenda zangu kulipa kodi.

Wiki tatu baadaye mathe ananipigia. Shosh anaamka kukojoa mara sita kwa usiku. Anakunywa maji bila kutosheka. Anasema macho yameingia ukungu, na leo hajatoka kitandani. Tukambeba kwa teksi mpaka hospitali. Nesi akamdunga kidole, akaweka tone la damu kwa mashine. Mashine ikasoma 21.3. Kama hujui hizo namba, mtu ambaye hana ugonjwa wa sukari akipimwa asubuhi kabla ya kula huwa chini ya 6. Ikifika 7 kwenda juu, na ipimwe zaidi ya mara moja, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Nesi akamuuliza, "Mama, dawa zako unakunywa?"

Shosh akaniangalia mimi kwanza, ndiyo akajibu. "Nilizipumzisha kidogo. Zilikuwa zinanisumbua tumbo. Na huyu mjukuu wangu alisema hiyo poda inashika sukari."

Nikamwambia, "Shosh, sikusema uache dawa."

"Baba, si ulisema inasaidia? Na watu laki mbili wakaona. Nikajua ingekuwa ni uongo, kuna mmoja angekuambia."

Hakuna mtu alinikaripia. Mathe alitazama ukuta. Nesi aliomba aone huo mkebe, mathe akautoa kwa mkoba. Akaugeuza nyuma, akasoma, akaweka kidole kwa mstari wa pili wa viungo: maltodekstrini. Hiyo ni wanga uliosagwasagwa kiwandani, na ikiingia tumboni inageuka glukosi haraka sana. Mimi Leusini, mtu wa baiokemia, nilishika mkebe huo mbele ya kamera dakika arobaini nzima na sikuugeuza nyuma hata mara moja.

Walimtundikia maji, wakampa insulini, wakamlaza siku mbili. Alitoka akitembea mwenyewe, Mungu ni mkuu. Lakini nilikaa kwa ile benchi na muda mwingi wa kufikiria, na nataka niwaambie sasa kile nilipaswa kuwaambia kwa zile sekunde 45.

Fikirieni stendi ya matatu saa kumi na mbili jioni. Abiria wamejaa. Hao abiria ni sukari kwa damu yako baada ya kula. Matatu ni misuli yako. Ukila, sehemu kubwa ya ile sukari inafaa kupanda matatu na kuondoka barabarani, yaani kuingia kwa misuli, itumike au iwekwe akiba. Insulini ni makanga. Yeye ndiye anagonga bodi na kufungua mlango. Bila makanga milango haifunguki na abiria wanabaki wamesimama barabarani. Mwenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili, kama shosh, makanga yupo, lakini milango imekuwa migumu na haifunguki vizuri. Na miaka ikienda, makanga naye anachoka, sauti inapungua.

Sasa ongeza uzee. Kadiri mtu anavyozeeka, misuli inapungua. Mkono wa shosh naujua, ule uliokuwa unabeba gunia la sukuma wiki, leo unaona mfupa. Matatu zilikuwa hamsini, zimebaki thelathini. Abiria ni walewale. Stendi itakosaje kujaa?

Hapo ndipo amino asidi zinaingia, na hapo ndipo ile robo ya ukweli ilipo. Misuli imejengwa na protini, na protini imejengwa na amino asidi. Ni kama vipuri vya kuunda matatu. Kuna 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, lazima uzile. Moja yao, leusini, ndiyo inaupa mwili ishara ya kuanza kujenga misuli. Tena baadhi ya amino asidi zinaliamsha kongosho litoe insulini zaidi, yaani zinamwongezea makanga sauti. Hiyo yote ni kweli. Ilikuwa kwa mtihani wangu.

Swali ambalo sikuuliza ni hili: mzee mwenye sukari akimeza hizo amino asidi miezi kadhaa, namba kwa mashine inashuka?

Nilitafuta nikiwa palepale kwa benchi, kwa hiyo chaji iliyobaki, na nikamalizia nyumbani. Majibu hayako upande mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa Italia walichapisha kazi ya wazee 41 waliopungukiwa na misuli. Walipewa mchanganyiko wa amino asidi, na misuli iliongezeka na insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Israeli walichapisha kazi ya watu 15 wenye sukari ya aina ya pili, sukari yao ikiwa imedhibitiwa vizuri. Wakinywa gramu 50 za protini ya maziwa kabla ya kiamshakinywa, sukari baada ya mlo ilikuwa chini kwa asilimia 28. Ukiishia hapo, wewe pia utaweka linki.

Lakini mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi waliuliza swali la shosh kabisa. Walichukua wanaume wazee 60 wenye sukari ya aina ya pili. Wengine wakapewa leusini gramu 2.5 kwa kila mlo mkubwa, mara tatu kwa siku, miezi sita. Wengine wakapewa unga usio na kitu. Mwisho wakapima misuli, nguvu, na HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari yako kwa miezi miwili au mitatu. Hakukuwa na tofauti. Miezi sita ya leusini, na makundi mawili yako sawa.

Na mwaka huohuo wa 2011 ukatoka utafiti mwingine wa Marekani, kutoka kwa watu wa Framingham wanaofuatiliwa miaka mingi. Walikuta kwamba watu waliokuwa na viwango vya juu vya amino asidi fulani kwa damu, leusini ikiwemo, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa sukari miaka ya mbele, hata 12. Tulieni, hiyo haimaanishi leusini inaleta sukari. Inawezekana mwili ambao umeanza kushindwa na sukari unashindwa pia kuzichoma hizo amino asidi, zikabaki zinazunguka kwa damu. Lakini mtu akikuambia "amino asidi zinashusha sukari," nukta, basi hajasoma, ama amelipwa. Mimi nilikuwa nimesoma na nikalipwa.

Halafu kuna metformini, hizo tembe nyeupe ambazo shosh alizipumzisha. Kazi yake ni tofauti kabisa. Ini lako lina tabia ya kuleta abiria zaidi stendi, hata usiku, hata hujala. Kwa mtu mwenye sukari ya aina ya pili, ini linazidisha. Metformini inaliambia ini lipunguze. Sasa hebu tazama tulichofanya. Tuliongeza vipuri gereji, tena vipuri vilivyofungwa na wanga ndani, na wakati huohuo tukamwachia ini mlango wazi. Hata ile poda ingekuwa nzuri kuliko zote duniani, haiwezi kufanya kazi ya ile tembe. Hazifanyi kazi moja.

Na kuhusu tumbo, ni kweli metformini husumbua watu wengi tumboni. Shosh hakuwa anajitetea tu. Alikuwa ameteseka na hilo miaka, kimya, na hakuna mtu kwetu alikuwa amemuuliza. Daktari alimbadilishia aina ile inayoyeyuka polepole, na tumbo limetulia. Dakika mbili za mazungumzo. Miaka 11.

Kitu kingine daktari alisema, na hiki mkishike: kabla ya kumpa mzee mwenye sukari poda yoyote ya protini au amino asidi, figo zake zipimwe. Sukari huharibu figo polepole bila maumivu, na figo zilizochoka zinapoongezewa protini nyingi zinaweza kupata shida zaidi. Ni kipimo cha damu tu. Mimi sikujua figo za shosh ziko aje. Nilikuwa nimempa mkebe.

Mnaniuliza kwa DM, sasa mzee afanye nini? Mimi si daktari, hata cheti sina, kwa hivyo nawaambia kile daktari alituambia sisi, na nyinyi mtamuuliza wenu.

Protini mzee anaihitaji, tena kuliko sisi. Wataalamu wengi wanasema gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, kama figo ziko sawa. Shosh ana kilo 60, kwa hivyo ni kati ya gramu 60 na 72. Wazee wetu wengi hawafiki hapo, kwa sababu ni chai na mkate asubuhi, chai na mkate jioni. Yai moja lina kama gramu 6. Kuna omena, ndengu, maziwa, maharagwe. Na githeri, wasee, githeri ni baiokemia. Mahindi yana upungufu wa amino asidi inayoitwa lisini, lakini maharagwe wanayo. Maharagwe wana upungufu wa methionini, lakini mahindi yanayo. Mtu wa kwanza kuvichemsha pamoja hakuwa na maabara. Kwa mtu mwenye sukari, maharagwe yawe mengi na mahindi kidogo, basi.

Nilipiga hesabu ya ile poda pia. Mkebe ni shilingi 3,800, na lebo inasema una gramu 300 za amino asidi. Kwa duka la mtaani kwetu, hiyo pesa inanunua kama trei nane za mayai. Hayo ni mayai 240, zaidi ya gramu 1,400 za protini, amino asidi zote 9 zikiwemo. Sikuwa nimepiga hesabu hiyo kwa sababu ile poda nilipewa bure.

Lakini vipuri pekee havitengenezi matatu. Lazima kuwe na kazi. Misuli hukua ikitumika, hata kwa mtu wa miaka 74. Na kuna kitu kizuri sana hapa, kile ningeweka kwa video kama ningekuwa na akili: msuli ukijikaza, unafungua milango wenyewe. Sukari inaingia hata makanga akiwa amelala. Ndiyo maana kutembea kidogo baada ya kula kunashusha sukari. Haihitaji jimu na haihitaji linki yangu.

Kwa hivyo sasa naenda Kariobangi kila Jumanne na Ijumaa. Shosh anakaa kwa kiti cha jikoni, mikono kifuani, anasimama, anakaa. Wiki ya kwanza alifika tatu, akatukana magoti yake. Juzi alifika tisa. Baadaye tunatembea mpaka kwa duka la kona na kurudi, na anasimama kusalimia kila mtu, kwa hivyo dakika kumi zinakuwa arobaini. Asubuhi ya jana mashine ilisoma 7.8. Daktari amesema tunaenda vizuri. Sijui ni dawa, ni matembezi, ni mayai, ama ni kwamba sasa kuna mtu anamuuliza amekunywa tembe. Sitawaambia ni kimoja.

Wale watu wa poda niliwaandikia. Walijibu kwa heshima kwamba hakuna mahali video ilisema mtu aache dawa. Wako sawa. Niliitazama tena kabla nifute, na kweli hakuna. Lakini shosh hakuitazama kama wakili. Aliitazama kama shosh, anamwona mjukuu wake akisema kuna kitu cha asili, kitamu, na kinasaidia. Ukimwambia mtu aliyechoka na tembe kwa miaka 11 kwamba kuna njia ya asili, umeshamwambia aache. Sentensi haihitaji kumalizika.

Walinipa kazi nyingine pia, ya shilingi 20,000. Nimekataa. Msinipigie makofi, kodi ya mwezi huu bado sijalipa na landilodi ameanza kupita mlangoni akikohoa.

Kile kinaninyima usingizi ni ile linki. Shosh wangu alikuwa na mathe wa kumwona akilala mchana, na teksi, na nesi aliyeuliza swali. Ile linki ilibonyezwa na watu 1,900 na kitu. Sijui wangapi walinunua. Sijui kwa nani. Najua tu kwamba wengi wenu mliandika "namnunulia guka", "namtumia mathe ushago", na mimi nikaweka moyo mwekundu kwa kila moja.

Kwa hivyo hii si video, na sina muziki wa kuweka chini. Kama ulinunua kwa linki yangu, ama kama kuna mzee kwenu anakunywa poda, majani, matone, chochote kinachosemekana kinashusha sukari, mpigie simu leo. Usimuulize kama poda ni nzuri, atakuambia ni nzuri ili usijisikie vibaya. Muulize dawa za hospitali alikunywa lini mara ya mwisho, na zinamfanyia nini mwilini. Akisita, enda umwone, na mkebe uubebe mpaka kliniki.

Leo sitasema mjiunge na ukurasa. Pigeni hiyo simu kwanza. Mimi namalizia hapa, ni Ijumaa, shosh ananingoja na anasema leo ni kumi.